Hapo Tu, Ukivuka Mto

Mji wetu uko kwenye njia ya Ikutha, na ukisinzia ndani ya basi utaupita bila kujua. Mkono wa kulia kuna safu moja ya maduka yenye baraza, mashine ya kusaga unga, kanisa la mabati mekundu, na uwanja wa mbuzi ambao siku ya soko hujaa kelele na siku nyingine hujaa alama za kwato tu. Mkono wa kushoto kuna vichaka. Nyuma ya vichaka kuna vichaka vingine. Maduka yanapoishia barabara inagawanyika, na hapo kwenye njia panda ndipo nilipoweka cherehani yangu miaka ishirini na minne iliyopita. Mimi ni fundi wa nguo. Kazi yangu ya pili, ambayo hakuna aliyewahi kunipa wala kunilipa, ni kuonyesha watu njia.

Sikuzaliwa hapa. Kwetu ni milima ya Mbooni, juu ya Kikima, mahali ambapo mwezi wa saba unavaa sweta mbili na bado meno yanagongana. Kule nchi imesimama wima. Unamwona jirani ng'ambo ya bonde akianika nguo, unamwita, anakuitikia, mnasalimiana mpaka habari za ng'ombe, lakini ukitaka kumshika mkono utashuka na kupanda nusu ya siku. Huku chini nchi imelala. Udongo ni mwekundu, miti ni mifupi yenye miiba, na unaweza kutembea asubuhi nzima kilima kilekile kikiwa mbele yako, hakisogei wala hakikui. Nilipoolewa huku nililia wiki mbili. Nilimwambia mume wangu kwamba Mungu aliumba Mbooni, akachoka, akamwachia mtu mwingine amalizie. Mume wangu alicheka, kwa sababu hachukizwi na kitu, jambo ambalo hunichukiza mimi.

Mama mkwe ndiye aliyenifundisha umbali wa huku. Wiki yangu ya tatu alinituma kwa shangazi wa mume wangu kupeleka ndengu. "Ni hapo tu," alisema, akaelekeza kwa kidevu. Nikavaa viatu vya kanisani, kwani hapo tu ni hapo tu. Nilifika jua likiwa utosini, viatu mkononi, ndengu kichwani, nikiwa nimeshaitukana familia nzima kimoyomoyo. Niliporudi jioni alinitazama miguu, akauliza, "Kwani hukusikia vile nilisema?"

Kumbe sikusikia. Huku neno ni lilelile, kinachobadilika ni urefu wake. Ukiambiwa "hapo tu" kwa ufupi, uso umetulia, ni mahali unapoweza kumwita mtu akaitika. "Haapo tu", kidevu kikiinuka kidogo, ni mwendo wa saa nzima. "Haaaapo tu", sauti ikipanda mpaka ikawa nyembamba na mkono ukipunga hewani, hiyo beba maji, na funguo mwachie mtu. Tumeitoa kwenye Kikamba, ambako vaaya, yaani pale, laweza kuvutwa mpaka msemaji akaishiwa na pumzi. Lakini neno "mbali" lenyewe hutalisikia. Mama mkwe alisema ukimwambia msafiri ni mbali umemkata miguu; safari ataifanya tu, basi kwa nini aifanye akiwa amekufa moyo? Na kumwambia "sijui" ni kama kumfukuza. Niliona ni upuuzi mtupu. Baada ya miaka miwili mitatu nikawa nasema vivyo hivyo, na siku hizi wenyeji wenyewe hawanishindi.

Neno jingine lililonisumbua ni mto. Nilitoka mahali ambapo mto unausikia kabla hujauona. Huku wanawake waliniambia twende mtoni, tukashuka, tukafika kwenye mchanga mweupe mpana kama uwanja wa mpira, nikauliza mto uko wapi. Waliweka mitungi chini ili wacheke vizuri. Nilikuwa nimesimama ndani yake. Mto wetu hubeba maji siku chache za mvua, tena kwa hasira, halafu maji yanazama na kukaa chini ya mchanga, na sisi tunayafukua. Nilizoea. Na ukishazoea jambo unasahau kwamba liliwahi kukushangaza.

Sasa nifike kwenye ile Jumamosi. Ilikuwa mwaka jana, wakati wa kiangazi. Tulikuwa tunamzika mwalimu mmoja mstaafu aliyekaa ng'ambo ya mto, mwanamke aliyefundisha kaskazini, upande wa Garissa, kwa miaka kumi na sita, kisha akarudi kufundisha huku mpaka akastaafu, akabaki kufuga kuku na kutugombeza kanisani. Karibu mji wote ulikuwa umetangulia. Mimi nilibaki nikimalizia vitambaa vya kichwa vya kwaya ya akina mama, sita vya mwisho, kwa sababu nguo ililetwa jana yake jioni na aliyeileta alitaka niamini kwamba kosa ni la basi. Nilikuwa na hasira. Nikiwa na hasira nashona haraka na kuongea kwa mkato.

Saa tatu na nusu basi lilimshusha mama mmoja wa rika langu. Alikuwa na hijabu ya kahawia iliyomfika magotini, imejaa vumbi la njia nzima, na mkononi mfuko uliofungwa kwa kamba. Alinyoosha mgongo, akaja moja kwa moja kwenye baraza yangu.

"Mama, salaam. Nyumba ya mwalimu ile amekufa ni wapi?"

"Karibu, mama. Ni hapo tu," nilisema, macho yakiwa kwenye sindano. "Fuata hii barabara. Ukivuka mto, pinda kushoto, utaona watu."

Kando yangu alikuwapo shemasi wa kanisa letu, mtu wa miaka hamsini na kitu anayeendesha pikipiki ya abiria. Alikuwa akinisubiri mimi na vitambaa vyangu. Akainuka.

"Aki mama, huko ni mbali," alimwambia mgeni. "Panda nikupeleke, halafu nirudie fundi."

Kwa miaka yote niliyokaa hapa, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mtu wa huku akimwambia msafiri ni mbali, na mimi nikamkaripia. "Shemasi, ogopa Mungu. Mbali gani? Unataka kumkula mgeni nauli siku ya mazishi?"

Mgeni alitutazama wote wawili, akaniamini mimi, maana mimi nilikuwa mwanamke mwenzake na sikuwa na pikipiki. "Kama ni hapo, mimi natembea," alisema. "Tangu usiku nimekalia gari, miguu imevimba." Kisha akauliza, "Sanduku wanafunga saa ngapi? Mimi nimekuja kuona uso yake tu. Hiyo tu ndiyo nataka."

"Saa sita," nilimjibu. "Bado mapema sana."

Akashukuru, akaenda. Shemasi alikaa tena, kwa sababu namshonea mkewe na anajua ulimi wangu.

Tulipoondoka ilikuwa inakaribia saa tano. Njiani hatukumwona mtu, nikajua ameshafika. Tulivuka mto, tukapinda kushoto, tukafuata kijia kinachokwenda kando ya ukingo mpaka kwa mwalimu, mwendo wa saa nzima na zaidi kwa mguu kutoka kwenye cherehani yangu. Nikagawa vitambaa. Watu walikuwa wamepanga foleni ya kumuaga marehemu, nami nikaingia. Walikuwa wamemvisha gauni la bluu nililomshonea Pasaka, na mdomo ulikuwa umekazwa vile alivyokuwa akiukaza kabla ya kumkaripia mtu. Nililia kidogo, nikapita.

Ndipo nilipoanza kutafuta ile hijabu ya kahawia. Katika mazishi ya kanisa letu hijabu haiwezi kukupotea. Nilizunguka hema zote mbili, nikapita jikoni kwenye masufuria, nikaenda mpaka nyuma ya zizi. Haikuwapo. Nikamwendea binti mkubwa wa marehemu.

"Mgeni wenu wa Garissa mmemkalisha wapi?"

"Mgeni gani?"

"Mama wa hijabu. Alishuka kwa basi asubuhi."

Alinishika mkono mpaka ukaniuma. "Amekuja? Mama yangu wa Garissa amekuja?"

Hapo hapo, kwa haraka, akaniambia. Huko kaskazini waliishi ploti moja, milango ikitazamana, miaka yote kumi na sita. Mama yake akienda darasani, yule jirani ndiye aliyemlisha yeye, akamwogesha, akamchapa alipostahili. Msiba ulipotokea alimpigia kwa simu ya mama yake, bila kutegemea kwamba angeweza kuja; tangu hapo, katika vurugu za msiba, hakuna aliyejua simu ile iko wapi. Kisha binti akaenda kumwomba mchungaji wangoje. Mchungaji alikuwa na mazishi mengine mchana huo, akatazama saa, akasema atangoja kadiri atakavyoweza. "Lakini fundi," aliniambia, "usikawie."

Shemasi alikuwa ameshawasha pikipiki.

Tulirudi mpaka penye ile kona ya baada ya mto. Barabara ilikuwa tupu pande zote mbili. Shemasi akazima, akageuka. "Fundi, ulimwambia nini? Neno kwa neno."

"Ukivuka mto, pinda kushoto."

Aliutazama mchanga uliokuwa pale chini, mweupe, mkavu, punda wawili wamesimama katikati. Kisha akanitazama mimi. "Huyo anatoka Garissa," alisema. "Kwao mto ni Tana."

Majuto ni mjukuu, tunasema, lakini yangu hayakungoja kuzaliwa. Yalikuwa yamekaa nami kwenye kiti cha pikipiki. Mimi, niliyechekwa na wanawake wenzangu kwa kuuliza mto uko wapi, ndiye niliyemwambia mtu wa Tana avuke mto.

Tuliendelea mbele, tukipita nyumba mbili zilizofungwa, wenyewe wako mazishini. Tulimkuta mzee akichunga mbuzi. Tukamuuliza.

"Eeh, nimeona yeye," alisema. "Aliuliza mto. Nikamwambia mto mwenye maji hakuna sasa, lakini kama ni maji anataka, kuna silanga. Haaapo tu."

Silanga ndilo bwawa letu la udongo, tulilolichimba kwa mikono na mikokoteni ya kusukuma. Kutoka pale lilikuwa bado nusu saa kwa mguu. Nisingeweza kumlaumu mzee. Aliulizwa mto, akajibu kwa heshima, na adabu yake na yangu ni moja.

Tulimpata ukingoni mwa silanga. Alikuwa amelivuka tuta, akapinda kushoto kama nilivyomwambia, akafuata njia ya ng'ombe mpaka kwenye ua wa miiba, ikamrarua hijabu, akarudi. Sasa alikuwa ameketi juu ya jiwe, viatu pembeni, miguu ndani ya maji ya rangi ya chai. Aliponiona hakusimama.

"Mto ni hii?" aliuliza.

"Hapana, mama. Mto uliuvuka. Ule mchanga."

Alifikiri. "Ile ni laga," alisema polepole. "Mimi nimevuka laga. Wewe ulisema mto."

Nina maneno mengi, watu wa soko watakuambia. Siku hiyo nilipata moja tu. "Nisamehe," nilisema.

"Sanduku?"

"Wanakungoja. Twende."

Tulipanda watatu, yeye katikati. Njiani alizungumza sikioni mwa shemasi lakini nilimsikia. Alisema amekuwa akipiga simu njia yote, kwa sababu namba aliyonayo ni moja tu, ya mwalimu mwenyewe. "Inalia, inalia," alisema. "Nasema sasa atashika. Halafu nakumbuka."

Kile kijia cha ukingoni kinakatwa na kijito kinachoingia mtoni, nacho kina mchanga unaofika kwenye fundo la mguu. Watu watatu hawapiti hapo kwa pikipiki. Tukashuka, shemasi akasukuma, sisi tukatembea. Kutembea kwenye mchanga ukiwa na haraka ni kama kukimbia ndotoni. Tukiwa katikati nikasikia kwaya imebadilisha wimbo. Walikuwa wameanza ule wanaouimba wakati wa kuteremsha sanduku. Yeye hakuujua, aliendelea kuburura miguu yake iliyovimba, amenishika bega.

"Bado?" aliuliza.

"Ni hapo tu," nikasema.

Neno lilitoka lenyewe. Ningeweza kujing'ata ulimi. Lakini ningemwambia nini, katikati ya mchanga ule, na miguu ile? Labda mama mkwe hakuwa mjinga. Labda sote hufika mahali ambapo ukweli haumsaidii mtu kutembea. Sijaamua hadi leo, na nimefikiria sana.

Tulipofika wanaume walikuwa na majembe na koleo, na shimo lilikuwa limejaa nusu. Mchungaji alingoja zaidi ya saa nzima. Sina la kumlaumu. Binti alimwona mgeni, akatupa shada la maua alilokuwa ameshika, akamkimbilia, wakaangukiana pale pale kwenye udongo uliochimbwa. Koleo zikasimama. Hakuna aliyeziambia zisimame.

Baadaye walimketisha, wakampa maji, na mtu akampa karatasi ya ratiba yenye picha ya marehemu. Aliishika mbali na uso, akaivuta karibu. "Hii mzee ni nani?" aliuliza. Picha ilikuwa ya mwaka uliopita, na mwalimu aliyemkumbuka yeye alikuwa kijana mwenye nywele nyeusi. Binti akamwambia ndiye. Alicheka, akaufunika mdomo kwa ncha ya hijabu, na kicheko kikageuka kikawa kilio cha sauti, kilio ambacho kila mwanamke pale alikielewa bila lugha.

Nilipiga magoti mbele yake. Nilitaka liwe limesemwa na mimi mwenyewe, si na watu sokoni. "Mama, ni mimi nimekunyima uso wa rafiki yako."

"Ndiyo," alisema. "Ni wewe."

Hakusema haidhuru. Hakusema ni mapenzi ya Mungu, ingawa mchungaji alikuwa ameshayasema. Aliipapasa ile picha kwa kidole gumba.

"Na ni yeye pia," alisema. "Kila mwaka ananiambia, njoo kwetu, panda gari, ni hapo tu. Mimi nasema, kitu iko hapo tu haikimbii. Nitakwenda. Mwaka inapita, nasema nitakwenda." Akaikunja karatasi mara mbili, akaiingiza kifuani.

Alikaa kwa binti siku nne. Siku ya tano alikuja kusubiri basi kwenye baraza yangu, na sikujua nimwangalie wapi. Alivua hijabu ya juu, akabaki na kilemba, akanipa nimshonee pale palipotobolewa na miiba ya silanga. Nilishona polepole kuliko nilivyowahi kushona kitu. Shemasi alikuja kumsalimu, wakazungumza habari za bei ya mbuzi kama watu wanaofahamiana tangu zamani. Mgeni mmoja aliyeshuka kwenye lori akaniuliza njia ya kwenda shuleni. Nikamwambia avuke mchanga, si mto, na kwamba ni mwendo wa dakika arobaini. Alinitazama kana kwamba nimemtukana.

Basi lilipoonekana nilimkabidhi nguo yake. Aliukagua ushonaji, akaupindua upande wa ndani kama fundi mwenzangu, akaridhika.

"Wewe utakuja kwetu," alisema. Haikuwa swali.

"Nitakuja, mama. Siku moja, Mungu akipenda."

"Hapana." Alikuwa ameweka mguu mmoja kwenye ngazi ya basi na kondakta alikuwa anapiga bati. "Siku moja usiniambie. Sema mwezi."

"Ni mbali?" nikamuuliza.

"Mbali," alisema. "Mbali sana. Gari mbili, usiku nzima, na joto itakuua. Sema mwezi."

Nikasema mwezi wa nane. Na mwezi wa nane nikaenda.